Ukatili Unaotabasamu: Namna ya Kuandika Kinaya katika Hadithi Fupi ya Mji Mdogo

Mjane mmoja ameunguliwa na nyumba. Watu wa mji wakachanga, wakamtafutia chumba, na jirani yake akampa gauni. Miezi michache baadaye kuna sherehe, na mjane amekuja amevaa gauni lile. Jirani anamtazama, anatabasamu, kisha anasema mbele ya watu: "Limekukaa vizuri kuliko lilivyokuwa likinikaa mimi."

Waliosikia wanaona ni sifa. Mjane anashukuru. Tangu siku hiyo halivai tena, na mji unaanza kunong'ona kwamba mama yule hana shukrani.

Hapo hakuna aliyetukanwa wala kuibiwa, lakini kuna mtu amevuliwa nguo hadharani na hana pa kushtaki. Hadithi za namna hii ndizo ninazozipenda kuliko zote, na ni ngumu kuandika kwa sababu mwandishi anatakiwa afiche kitu kilekile anachotaka kionekane. Nitatumia mfano huu wa gauni mwanzo hadi mwisho, ili uone hadithi moja ikijengwa badala ya kanuni zinazoelea.

Kwanza tutenganishe maneno mawili. Kejeli hujionyesha: msemaji anataka ajulikane kwamba anadhihaki. Kinaya ni pengo kati ya kinachosemwa na kilichopo, au kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea, na msemaji mwenyewe huenda hajui kama pengo lipo. Hadithi ya gauni inataka kinaya. Ukitia kejeli itakufa mikononi mwako.

Hatua ya 1: Anza na wema

Kosa ninaloliona mara nyingi katika rasimu za hadithi hizi ni kuanza na mtu mbaya. Kuna kiongozi mwizi, kuna mwanamke mwenye wivu, kuna mzee mwenye roho ngumu. Ikifika aya ya tatu msomaji ameshajua wa kumchukia, na akishajua hilo anastarehe, kwa kuwa yeye si mmoja wao. Ukatili uliofichika unahitaji msomaji ambaye naye angechanga, angetabasamu, na labda angeisema sentensi ile ya gauni kwa nia njema kabisa.

Kwa hiyo jiulize: ni jambo gani jema, ambalo hata mimi ningelifanya, linaloweza kumuumiza anayetendewa? Mifano haiishi. Kumwombea mtu hadharani kwa kumtaja jina na shida yake. Kumsamehe mtu kosa ambalo hakulitenda. Kumsifu mtoto kwa bidii mbele ya ndugu yake aliyefeli. Kumtunzia mtu siri kwa namna ambayo kila mmoja anajua kuna siri inayotunzwa.

Kiswahili kina maneno ya shughuli hii ambayo mwandishi anapaswa kuyashukuru. Kuna masimango, kuna kusimbulia: kumkumbusha mtu fadhila ulizomtendea mpaka fadhila igeuke mzigo. Lakini anayesimanga husema wazi, "Nilikupa, nilikulisha." Hadithi yetu inakaa hatua moja kabla ya hapo, pale simango linapokuwa bado limevaa nguo za sifa.

Kabla ya kuandika aya yoyote, andika sentensi moja: nani alimtendea nani wema gani, na wema huo unadai nini kimyakimya. Ya kwangu ni hii: "Jirani alimpa mjane gauni, na gauni linadai mjane abaki mhitaji." Kama sehemu ya pili haikujii, huna hadithi bado, una tukio tu.

Hatua ya 2: Jenga mji kwa kujuana

Rasimu nyingi hutumia ukurasa mzima kueleza barabara ya vumbi, mto na mnara wa saa. Hayo yanaweza kuwepo, ila si ndiyo yanayoufanya mji kuwa mdogo. Mji ni mdogo pale vitu vinapokuwa na historia inayojulikana na wote. Katika jiji kubwa mjane angevaa gauni lile na hakuna ambaye angejua lilitoka kwa nani. Hapa kila mtu anakumbuka lilivaliwa lini, katika sherehe ipi, na nani alilisifu siku hiyo. Kumbukumbu hiyo ya pamoja ndiyo mashine ya hadithi nzima. Bila hiyo, sentensi ya jirani haina makali.

Chora basi orodha fupi ya vitu vitano vya mji wako, na mbele ya kila kimoja andika kilikuwa cha nani na nani anajua. Benchi, baiskeli, ufunguo, picha ukutani, gauni. Hadithi itatumia viwili au vitatu tu. Vilivyobaki vitakusaidia wewe uujue mji.

Tarakimu nazo hufanya kazi zikichaguliwa vizuri. Katika "The Lottery" ya Shirley Jackson, iliyochapishwa na jarida la The New Yorker tarehe 26 Juni 1948, tunaambiwa mapema kwamba kijiji kina watu kama 300, kwamba shughuli yao ya kila mwaka huchukua chini ya saa mbili, na kwamba kwa hiyo inaweza kuanza saa nne asubuhi na watu wakawahi nyumbani kwa chakula cha mchana. Ukirudi kuisoma mara ya pili, ukishajua shughuli yenyewe ni bahati nasibu ya kumchagua mmoja wao auawe kwa mawe, ratiba ile ya mlo inatisha kuliko damu. Ukatili umewekwa kwenye ratiba ya siku kama kazi nyingine.

Hatua ya 3: Chagua anayesimulia, kisha mwamini

Hapa ndipo hadithi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni msimulizi "sisi", sauti ya mji wenyewe. William Faulkner aliitumia mwaka 1930 katika "A Rose for Emily", inayoanza na mazishi: mji mzima umekuja, wanaume kwa heshima, wanawake zaidi kwa shauku ya kuona ndani ya nyumba ya marehemu, Emily. Katikati ya hadithi Emily ananunua sumu. Mji unasema atajiua, na unasema hilo ndilo lingekuwa jambo bora. Hakuna hukumu yoyote baada ya sentensi hiyo. Msimulizi anapita, anaendelea na habari nyingine, na msomaji anabaki nyuma peke yake akijiuliza kama amesikia vizuri. "Sisi" ina nguvu kwa sababu haimwachi mtu mmoja wa kulaumiwa. Ila ina hatari yake: inavutia mwandishi apige porojo za kijiwe kurasa mbili, tatu, huku mjane ametoweka.

Njia ya pili ni msimulizi wa nje mwenye sauti tulivu, asiyeingia moyoni mwa mtu. Ndiyo njia ya Jackson. Sauti ile ilikuwa tulivu kiasi kwamba baada ya hadithi kutoka, mwandishi alipokea barua zaidi ya 300 kiangazi hicho, na wengi waliomwandikia walitaka kujua bahati nasibu hizo hufanyikia wapi na kama mtu anaweza kwenda kutazama. Hadithi ya kutunga ilisomwa kama taarifa. Ukitaka njia hii ujizuie sana, maana kivumishi kimoja chenye chuki kinatosha kuuvunja utulivu.

Njia ya tatu ndiyo ninayomshauri anayeanza: mwachie mtenda wema asimulie mwenyewe. Huyu hapa jirani:

"Gauni lile nilikuwa nalipenda, sitaki kusema uongo. Lakini nilipomwona amesimama pale na viatu vya kuazima, nikajiambia kutoa ni moyo. Nikampa na mkanda wake. Mkanda wenyewe sijauona tena, ila hilo si la kuuliza."

Tazama sentensi ya mwisho. Anasema si la kuuliza, na papo hapo ameuliza. Hajui kama ameuliza. Ukimpa msimulizi wako sentensi moja ya namna hiyo katika kila ukurasa, inatosha. Ukimpa tano, msomaji ataona mkono wako nyuma ya pazia.

Na umwamini kweli. Gauni alilipenda kweli. Huruma aliiona kweli. Ukiandika huku unamcheka, kila neno litanuka dharau, na msomaji ataanza kumtetea dhidi yako. Niliwahi kuandika hadithi ambamo watu wote wa mji walikuwa wanafiki isipokuwa mmoja. Rafiki aliyeisoma aliniambia tu, "Hawa siwajui." Nilikasirika siku mbili, kisha nikaona alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeandika watu wa kuchukiwa, sikuwa nimeandika majirani.

Hatua ya 4: Gawa ujuzi

Kinaya hutegemea nani anajua nini, na lini. Chukua karatasi, igawe safu nne: mwathirika, mtenda, mji, msomaji. Andika kila mmoja anajua nini mwanzoni na mwishoni.

Katika hadithi ya gauni, mjane anajua kwamba alipolipokea pindo lilikuwa limefumuka, akalishona usiku kabla ya kulivaa. Jirani hakumbuki pindo, anakumbuka mkanda. Mji unakumbuka gauni lilivyopendeza zamani. Msomaji mwanzoni anajua anachokijua jirani tu. Pindo atalipata mwishoni. Ukigawa ujuzi mapema hivi, mwisho unajitokeza wenyewe na huhitaji kuubuni kwa nguvu.

Usidhani lazima umfiche msomaji kitu. Guy de Maupassant alifanya kinyume mwaka 1883 katika "La Ficelle". Siku ya gulio huko Goderville, Normandy, nchini Ufaransa, mkulima mzee Hauchecorne anainama kuokota kipande cha kamba. Anaona hasimu wake Malandain anamtazama, anaona aibu ya kuokota kitu duni hivyo, basi anajifanya anatafuta kitu kingine chini. Baadaye siku ileile pochi yenye faranga 500 inatangazwa kupotea, na Malandain anasema alimwona akiiokota. Sisi tunaujua ukweli wote tangu ukurasa wa kwanza. Hata pochi inapopatikana kesho yake na kurudishwa na mtu mwingine, mji unaamua tu kwamba mzee alikuwa na mshirika. Kila anapojieleza ndivyo anavyoaminika kidogo zaidi.

Na ukatili wenyewe unakaa wapi? Katika kicheko. Watu wa utani wanamwomba awasimulie tena habari ya kamba, kama askari anavyoombwa asimulie vita vyake, ili wajifurahishe. Anakonda, anaugua, anafariki. Kama ungemuuliza mmoja wa wale waliocheka, angesema alikuwa anamtania mzee tu. Somo ninalolichukua hapo ni aibu ile ndogo ya mwanzo: Maupassant hakumpa mwathirika wake usafi wa malaika. Alimpa kitendo kidogo cha uongo, kile cha kujifanya anatafuta, na mji ukakikalia. Mjane wetu naye apewe kitu. Labda mkanda kweli ameupoteza, na amewahi kusema anao.

Hatua ya 5: Andika maneno yasiyoshtakika

Kipimo changu cha mazungumzo ni hiki. Mwathirika akirudi nyumbani akamweleza mwanawe neno kwa neno alichoambiwa, mtoto aulize: "Sasa kosa liko wapi?" Mtoto akiona kosa, umekosea kuandika. "Limekukaa vizuri kuliko lilivyokuwa likinikaa mimi" inapita kipimo. "Bila mimi ungevaa nini leo?" haipiti, hicho ni kijembe, na kijembe kina faida moja kwa anayepigwa, anajua amepigwa na anaweza kujibu.

Jaribu mazungumzo mafupi, wiki kadhaa baada ya sherehe:

"Naona umepaka rangi mlango, jirani."

"Ilibaki kwa fundi, dada, akanipa."

"Jamani, sikuulizi! Nimefurahi tu."

"Asante, dada."

"Tulisema utasimama. Umeona?"

Hakuna aliyeuliza rangi imetoka wapi. Mjane amejitetea kabla ya kushtakiwa, na hilo linatuambia ameshaulizwa mara nyingi, kwa macho tu. Amejifunza kutoa risiti. "Tulisema" inaufanya mlango wake uwe ushindi wa mji. Na angalia wanavyoitana: ukitaja mahali pengine kwamba mjane ndiye mkubwa kwa umri, lile "dada" la unyenyekevu litauma bila wewe kuligusa. Majina ya kuitana ni chombo ambacho waandishi wetu wanakiacha kabatini. Mtu anayebadilika kutoka "mama fulani" kuwa "yule wetu wa kuunguliwa" ameshushwa cheo, na aliyemshusha anaweza kuapa kwamba anampenda.

Vyombo vingine nitavitaja kwa haraka, kwa kuwa utavitambua ukisikiliza watu: swali la kujali linaloulizwa kwa sauti kubwa, shukrani inayotolewa kwa niaba ya mtu aliyepo na anayeweza kusema, sifa ya kulinganisha, na ukimya unaofuata mtu akiingia chumbani. Huo wa mwisho umetumika sana. Utumie mara moja tu.

Hatua ya 6: Panda ishara mahali pa wazi

Mwanzoni kabisa mwa hadithi ya Jackson wavulana wanajaza mawe mifukoni, na wengine wanachagua yaliyo laini na ya duara. Tunaona watoto wanacheza. Silaha zimepita mbele ya macho yetu zikiwa zimevaa mchezo.

Fanya hivyo na pindo. Mapema, jirani akiwa anasimulia, aseme kwamba alilitoa gauni kwenye sanduku la nguo alizokuwa anasubiri kuzipeleka kwa mshonaji. Sentensi moja, katikati ya aya, ikifuatwa haraka na jambo lenye kelele zaidi. Usiiweke mwisho wa aya, maana mwisho wa aya ni jukwaa.

Hatua ya 7: Acha kabla ya kueleza

Nilijaribu miisho mitatu ya hadithi hii.

Wa kwanza: mjane anasimama kwenye sherehe nyingine na kusema yote yanayomuuma. Unaridhisha, na ni wa uongo. Kama angeweza kuyasema, ukatili usingekuwa umefichika.

Wa pili: mjane anarudisha gauni, jirani analivaa, na mtu anamwambia, "Hilo si lile la mjane?" Huu niliupenda sana. Una ujanja, na kumbukumbu ya mji inamgeukia jirani. Nikauacha kwa sababu unampa msomaji haki, na akishapata haki anafunga ukurasa akiwa amepona.

Wa tatu ndio nilioubakiza. Asubuhi moja jirani anakuta kifurushi mlangoni. Gauni limefuliwa, limepigwa pasi, mkanda umekunjwa juu yake, mpya, wa rangi inayokaribia ule wa zamani. Jirani anasimulia:

"Nikaligeuza nione kama lina doa. Halikuwa na doa. Pindo lilikuwa limeshonwa kwa mkono, vizuri kabisa, sijui lilifumuka lini. Mpaka leo sijui nimemkosea nini."

Msomaji anajua lilifumuka lini. Jirani ameshika ushahidi mkononi na hausomi. Usiongeze sentensi baada ya hapo, hata nzuri. Maupassant naye alimwacha mzee wake akitaja kipande cha kamba mpaka kufa, bila mtu yeyote kuja kusema kwamba mji ulikosea.

Hatua ya 8: Hariri ukitafuta mkono wako mwenyewe

Pitia rasimu ukifuta "kwa unafiki", "kwa dharau", "alijifanya", "eti". Neno "eti" hasa ni tamu kuandika, na linamaliza kinaya papo hapo kwa kuwa linamwambia msomaji asiamini. Futa pia kila mahali ambapo mhusika analia bila mtu kuwepo. Machozi ya siri huandikwa ili msomaji asikosee upande, na sisi tunataka awe na nafasi ya kukosea.

Kisha kuna suala la watu halisi. Hadithi hizi mara nyingi huanzia kwenye jambo ulilolishuhudia. Kubadilisha jina hakumfichi mtu katika mji mdogo, kama tulivyoona, kwa sababu watu hutambuana kwa vitu. Badilisha kitu chenyewe: gauni liwe redio, moto uwe mafuriko, jirani awe shemeji. Kama hadithi haiwezi kuishi bila kitu kile halisi, basi bado ni siri ya mtu, na kuichapisha ni kumfanyia mjane mara ya pili.

Mwisho, isome kwa sauti mbele ya mtu asiyeijua, na usimtazame kwenye mistari uliyoipenda. Mtazame anaposikia "Limekukaa vizuri". Akitabasamu, endelea kusoma. Ukifika kwenye pindo, nyamaza na usubiri. Akikuomba urudie ile sehemu ya sherehe, irudie polepole kama ilivyoandikwa.